Trauti wa Bitterroot mwezi Machi: pima maji kabla ya kufunga nzi

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Kiganjo, Nyeri, na sasa naishi Missoula, Montana, ambako nafanya kazi ya uuguzi. Baba alinifundisha kuvua trauti kwa nzi wa bandia kwenye mito ya Mlima Kenya. Kule tulifika mtoni alfajiri, na kabla ya saa nne tulikuwa tumeshapata samaki. Tangu mwisho wa Februari nimekuwa nikienda mto Bitterroot siku zangu za mapumziko. Nafika saa moja asubuhi, natoka saa sita vidole vimekufa ganzi, na sijaguswa hata mara moja. Mtu mmoja ananiambia nifunge nzi wadogo sana wa usubi, mwingine anasema nifunge nzi mkubwa aitwaye skwala, wa tatu anasema ningoje Mei. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, Mei usiingoje. Mwezi huo theluji iliyojikusanya milimani baridi nzima huyeyuka kwa wingi, Bitterroot hufurika, maji hugeuka tope na kubeba magogo, na kwa kawaida mafuriko hayo hufika kilele mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Ukingoja mpaka hapo, msimu mzuri utakuwa umekupita. Machi na nusu ya kwanza ya Aprili ndizo wiki ambazo wavuvi wa Missoula huzisubiri tangu Krismasi. Wale wawili waliokushauri kuhusu nzi, wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya saa yake. Kinachokunyima samaki kwanza ni saa unayofika, halafu ni maji unayorushia. Nzi ni jambo la tatu.

Nianze na kwenu, maana ndiko ulikochukua mazoea haya. Trauti hawakuwa samaki wa asili wa Kenya. Wa kwanza waliletwa na Ewart Grogan mwaka 1905, kutoka Loch Leven huko Uskoti, wakaachiliwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Walistawi kwa sababu mito ile inashuka kutoka juu sana, ina baridi ya kuwatosha, na kwa kuwa iko karibu na ikweta haibadiliki sana mwaka mzima. Mtu wa Kiganjo anaingia maji yaleyale Januari na Julai. Tatizo la kule ni mchana, jua linapokuwa kali na maji maangavu, samaki wakajificha. Kwa hiyo baba yako alikufundisha vizuri: alfajiri na jioni. Lakini yahamishie mazoea hayo Montana mwezi wa Machi, nayo yanakufikisha mtoni saa ambayo samaki hana haja na chochote ulichobeba.

Trauti hana joto lake mwenyewe. Joto la maji ndilo joto la misuli yake na la tumbo lake. Maji yakiwa chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, yaani kama 4 za Selsiasi, chakula alichomeza huchukua muda mrefu kusagika na nguvu za kupambana na mkondo hupungua. Haachi kula kabisa, lakini hatoki kutafuta. Anapokea kile kinachomfikia mdomoni. Yakifika 42 mpaka 45 (5.5 mpaka 7 za Selsiasi) anaanza kusogea, na yakiendelea kupanda kuelekea 50 anakula kwa bidii. Usiku wa Machi hewa ya bonde hili hushuka chini ya kiwango cha kuganda mara nyingi sana. Kwa hiyo unapoingia mtoni saa moja asubuhi unayakuta maji karibu na kilele cha baridi yake, na unapotoka saa sita ndipo yanaanza kupata joto. Umekuwa ukiondoka chakula kinapotengwa.

Nunua kipimajoto cha maji kabla hujanunua nzi mwingine yeyote. Kifunge kamba, kitumbukize kwenye kina cha magoti mahali pasipopigwa na jua, kiache dakika mbili. Pima ukifika saa tano, pima saa saba, pima saa tisa, na uandike. Namba yenyewe ina maana, lakini mwelekeo una maana zaidi: mimi huyapenda maji ya 41 yanayopanda kuliko ya 44 yanayoshuka. Badiliko la nyuzi mbili juu kati ya saa tano na saa nane linatosha kuwaamsha samaki waliokuwa wametulia asubuhi yote.

Hapa kuna mtego ambao hata wenyeji huingia. Siku ya kwanza yenye jua kali mwezi Machi kila mtu hukimbilia mtoni, na mara nyingi alasiri hiyo huharibika. Jua huyeyusha theluji ya bondeni na ya vilima vya chini, maji ya barafu huingia kupitia vijito, na badala ya kupanda, joto la mto hushuka saa nane au saa tisa na maji huanza kuchafuka. Samaki hufunga mdomo wakati mvuvi amevua koti. Siku ninayoipenda zaidi ni ya mawingu, yenye hewa ya wastani, inayofuata usiku ambao haukuganda. Kwa kuwa zamu zako za hospitali hazikuruhusu kuchagua kila mara, angalau tazama kipimo cha mto cha USGS, idara ya serikali kuu ya Marekani inayopima mito, kilichoko karibu na Darby kabla ya kuondoka nyumbani. Kama kiwango cha maji kimepanda ghafla tangu jana, nenda kafanye shughuli nyingine.

Ramani nayo ina la kukusaidia. Bitterroot unatoka kusini kwenda kaskazini: unaanzia matawi yake mawili, la mashariki na la magharibi, yanapokutana karibu na Conner, unapita Darby, Hamilton, Victor, Stevensville na Florence, kisha unaungana na Clark Fork hapo Missoula, safari ya kilomita 135 hivi. Upande wa magharibi imesimama milima mirefu ya Bitterroot, na upande wa mashariki ile ya Sapphire iliyo ya chini zaidi. Jua la alasiri huchelewa kuondoka kwenye ukingo wa mashariki. Mimi huanza upande wa magharibi kabla ya saa saba, kisha nahamia mashariki. Ni jambo dogo, lakini mwezi wa Machi trauti huishi kwa mambo madogo ya namna hiyo.

Sasa maji ya kurushia. Kwenu, kwenye mto mwembamba wa kasi, umezoea kumtafuta samaki nyuma ya kila jiwe na kwenye maji meupe yanayochemka. Wakati wa baridi trauti wa Bitterroot huondoka huko, kwa kuwa kukaa kwenye kasi kunamgharimu nguvu ambazo chakula cha msimu hakiwezi kumrudishia. Hukusanyika kwenye maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea polepole, yenye kina cha kiunoni mpaka kifuani, hasa pale maji ya kasi yanayopita juu ya kokoto yanapomalizikia na kutulia. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mto haina samaki wa kukusumbukia. Pita bila kurusha. Na ukimpata mmoja, usihame, kwa sababu wenzake wako palepale; badilisha kina, badilisha nzi, rudia mkondo huohuo mara nyingi kabla ya kukata tamaa.

Nafika kwa skwala, na hapa naomba nikae kidogo, maana yeye ndiye anayeufanya mto huu ujulikane mwishoni mwa baridi.

Skwala ni mdudu ambaye ujana wake wote hukaa chini ya mawe mtoni. Akikomaa ana urefu wa karibu sentimita 2, mgongo wa kahawia iliyopauka na tumbo la rangi ya zeituni. Tunutu wake, yaani skwala akiwa bado mchanga majini, ni mwindaji, hutembea kati ya kokoto akila tunutu wa wadudu wengine. Kuanzia Februari, wale waliokomaa huanza safari ya kwenda ukingoni. Hawapandi juu katikati ya mto kama wadudu wengi wafanyavyo. Hutambaa mpaka kwenye jiwe au gogo lililo nusu majini, hupanda, hujivua gamba na kuwa wadudu wazima. Njiani wengi hung'olewa na mkondo, na trauti aliyetulia kwenye maji mapole hupata tonge nono bila kulikimbiza. Ndiyo sababu majuma kadhaa kabla hujamwona skwala hata mmoja juu ya maji, samaki wameshamla na kumzoea.

Wakisha kuwa wazima hawapendi kuruka. Dume wa mto huu kwa kawaida ana mabawa mafupi yasiyoweza kumwinua. Hupandana ukingoni, kati ya mawe na magogo, kisha jike hurudi majini kutaga, akitambaa au kuelea juu ya maji, zaidi kati ya saa saba na saa kumi. Kwa hiyo usitarajie wingu la wadudu. Unaweza kuona wachache tu alasiri nzima, na mgeni husema msimu haujaanza, ilhali samaki wanakula chini ya ukingo mita chache kutoka alipo. Geuza mawe makavu ya ukingoni, chungulia magogo yaliyolala, tafuta magamba matupu. Maji yakishakaa nyuzi 42 mpaka 45 mchana kwa siku kadhaa mfululizo, ambalo kwa mwaka wa kawaida ni suala la nusu ya pili ya Machi, wazima watakuwepo.

Kwa hesabu hiyo siku yako iende hivi. Lala, kunywa chai, fika mtoni saa tano. Anza na tunutu wawili wa bandia kwenye mshipi mmoja. Wa juu awe mzito, wa kahawia na zeituni, ndoana namba 8 au 10 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo). Kile kinachoitwa Pat's Rubber Legs kinafaa sana na kila duka la uvuvi la bonde hili linacho. Wa chini awe mdogo: Pheasant Tail namba 16 au 18, ile iliyobuniwa na Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Uingereza, au usubi mweusi namba 20. Hapo ndipo yule rafiki wa nzi wadogo anapata haki yake, kwa sababu usubi ndio chakula cha kila siku cha majira ya baridi, na asubuhi isiyo na upepo utaona pua za samaki zikiwachukua taratibu kwenye vidimbwi.

Funga boya dogo umbali wa mara moja na nusu ya kina kutoka kwa nzi, na ongeza chubwi mpaka uhisi inagusa mawe mara mojamoja. Wavuvi wengi hushindwa hapo tu. Nzi hupita nusu mita juu ya samaki, na samaki wa maji ya baridi hapandi nusu mita. Boya lisafiri kwa mwendo wa maji bila kuburutwa. Mshipi ukipindwa na mkondo, uinue na uuweke upya upande wa juu. Usingoje kuvutwa kwa nguvu kama ulivyozoea Kenya. Boya litasita kidogo tu. Kila likisita, inua ufito, hata kama unadhani ni jiwe.

Saa saba na nusu au saa nane, ukishaona skwala ukingoni au ukisikia mlio wa samaki karibu na nyasi, kata boya. Funga skwala wa kuelea, namba 8 au 10, aliyelala chini kwenye maji, si yule wa manyoya mengi anayesimama juu. Mwisho wa mshipi uwe wa unene unaoandikwa 4X dukani. Mtupe nusu mita kutoka ukingoni, mahali ambapo maji ni mapole na yana kina cha mapajani au zaidi, chini ya matawi na kando ya magogo. Trauti wa asili wa hapa, yule mwenye mstari mwekundu chini ya taya ambaye jina lake la kisayansi kwa miaka mingi limebeba majina ya wapelelezi Lewis na Clark, hupanda polepole sana. Utamwona anakuja, na mkono utataka kuvuta. Ngoja afunge mdomo na kugeuza kichwa kurudi chini. Kwa trauti wa upinde wa mvua uliowazoea Sagana, ambao hapa bondeni ni wageni kama walivyo wageni Kenya, unaweza kuwa mwepesi zaidi.

Siku ya mawingu mazito kunaweza kutokea jambo jingine. Kati ya saa nane na saa kumi huibuka Baetis, mdudu mdogo wa kijivu mwenye mabawa yaliyosimama kama tanga, na samaki humsahau skwala kwa muda. Ukiona pua nyingi zikitokeza katikati ya maji mapole na hakuna anayemgusa skwala wako, badilisha uweke namba 18 ya kijivu. Ikifika saa kumi na nusu, kipimajoto kikianza kushuka, umemaliza.

Ufito wa futi 9 wa uzito namba 5 unatosha kwa yote haya, na kama ndio ulionao tangu nyumbani, usitumie fedha kwa mwingine.

Kuhusu vidole kufa ganzi: wewe ni muuguzi, madhara ya baridi unayajua kuliko mimi. Nitasema ya mto tu. Suruali ya mpira inayofika kifuani lazima ifungwe mkanda kiunoni, umekazwa, ili ukianguka maji yasijae ndani. Usikanyage barafu iliyoshikamana na ukingo, kwa sababu chini yake mara nyingi maji yameshaichimba. Bitterroot ni mto unaohama. Kila mafuriko hula kingo, huangusha miti mikubwa na kufungua njia mpya, na magogo hujazana mahali ambapo mwaka jana palikuwa wazi. Usivuke juu ya rundo la magogo hata kama maji ni ya magoti, na usikubali kupanda mashua na mtu ambaye hajaupita mto mwaka huu. Acha nguo kavu garini, na mwambie mtu umeingilia daraja gani.

Jihadhari pia na unapokanyaga. Mayai ya trauti wa kahawia yaliyotagwa vuli bado yako ndani ya kokoto, na trauti wa upinde wa mvua nao huanza kutaga majira haya ya kuchipua. Kiraka cha kokoto safi, cheupe kuliko sehemu inayokizunguka, hasa kwenye mkia wa kidimbwi, ni kiota. Zunguka. Samaki wawili wawili uwaonao wazi kwenye maji ya kina kifupi juu ya kokoto hizo waache, hata kama hujapata kitu siku nzima. Anayewavua hao anauvunia mto mbegu yake, na naona ni aibu kwa mvuvi.

Bonyeza vijino vya ndoana kwa koleo kabla ya kuanza. Hewa ikiwa chini ya kiwango cha kuganda, usimtoe samaki majini kwa picha, kwani matamvua yake ni laini na huganda haraka; mfungue akiwa ndani ya wavu, ndani ya maji, kwa mkono uliolowa. Na ukipata samaki mwenye madoa mepesi kwenye mwili wa giza, kingo nyeupe kwenye mapezi ya chini, na pezi la mgongoni lisilo na doa jeusi lolote, huyo ni yule waitwaye bull trout, analindwa na sheria ya nchi nzima. Mwachie papo hapo.

Kuhusu kuingia mtoni, usiogope nyaya za mashamba utakazoziona pande zote. Sheria ya Montana ya mwaka 1985, iliyofuata hukumu za mahakama kuu ya jimbo za 1984, inampa kila mtu haki ya kutembea ndani ya mto mpaka alama ya kawaida ya maji ya juu, hata mto ukipita katikati ya shamba la mtu. Usichoruhusiwa ni kukatiza shamba lenyewe ili ufike majini. Ingia kwenye daraja au kwenye viwanja vya umma vya wavuvi, kisha fuata maji.

Mwisho, umesema unavua tangu mwisho wa Februari. Mwaka wa leseni za Montana huanza tarehe 1 Machi na huisha siku ya mwisho ya Februari, kwa hiyo ile uliyokata kabla ya hapo imeshakufa. Kata mpya pamoja na vibali vidogo vinavyoambatana nayo kabla ya safari ijayo, na kama umeshatimiza siku 180 za kuishi hapa uombe ya mkazi, ambayo bei yake ni nafuu sana kuliko ya mgeni. Wakati unaikata, chukua kitabu cha kanuni za mwaka huu na usome ukurasa wa Bitterroot, kwa sababu kanuni hutofautiana kati ya sehemu moja ya mto na nyingine.